Mkate wa Picha na Mkate wa Mezani



Kijana mmoja wa parokia yetu, mchuuzi wa vitenge, alirudi kutoka Kampala akatuletea swali. Kule mjini aliona ubao mkubwa kando ya barabara, na juu yake picha ya mkate wa mviringo uliokatwa kati. Ndani yake mlikuwa na nyama nene, jibini iliyoyeyuka, nyanya nyekundu na majani mabichi yenye matone ya maji. Alisimama akaitazama. Akahesabu fedha zake, akaona kwamba akiacha kula jioni ile na kesho yake mchana, zitamtosha. Akaingia, akalipa, akapewa sanduku dogo la karatasi. Alipolifungua alikuta mkate uliolala kama kofia iliyokaliwa, nyama nyembamba, na jani moja lililonyauka. Jina la duka lile hatulitaji, kwa maana shauri hili si la duka moja.

Mkate ule haukutushangaza. Tulishangazwa na maneno ya kijana mwenyewe. Hakukasirika hata kidogo. Alituambia kwa sauti ya chini: “Mwalimu, nadhani sikujua kuagiza. Labda iko namna ya kusema ambayo watu wa mji wanaijua.” Ndiyo kusema, alilipa mara mbili: mara ya kwanza kwa fedha zake, mara ya pili kwa kujidharau.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kulichunguza jambo hili. Je, chakula kiitwacho cha haraka, yaani hambaga, kuku wa kukaanga, pizza na viazi vya kukaanga vya kampuni kubwa, kinalingana na matangazo yake? Tutajaribu kuamua kwa haki. Wako watu wanaosifu kila kitu kitokacho ng’ambo, na wako wanaokitukana kila kitu kitokacho ng’ambo. Hao wote wawili wana kosa moja: hawajapima.

Ahadi za mwanzo

Yataka kwanza tujue kazi hii ilikotoka. Ndugu wawili wa Marekani, Richard na Maurice McDonald, walikuwa na hoteli ya chakula katika mji wa San Bernardino, California. Mwaka wa 1948 waliifunga kwa muda, kisha wakaifungua tena kwa mtindo mpya. Walipunguza aina za vyakula. Waliwaondoa wasichana waliokuwa wakiwapelekea wageni chakula katika motokaa zao. Waliondoa sahani na vijiko, wakaweka karatasi. Kazi ya jikoni wakaigawa kama katika kiwanda: huyu anakaanga nyama, yule anatia sosi, mwingine ana viazi vyake. Hambaga moja waliiuza kwa senti 15. Mwaka wa 1955 Ray Kroc alifungua duka lake la kwanza la jina lile huko Des Plaines, Illinois, na mwaka wa 1961 akainunua kampuni yote kutoka kwa ndugu wale.

Tazameni ahadi zao zilikuwa nini: haraka, bei ndogo, na ladha ile ile kila mahali. Twakiri kwamba ahadi hizo zatimizwa mara nyingi. Mtu aliye safarini, au mfanya kazi mwenye nusu saa ya kupumzika, anajua atapata nini na atakipata upesi. Hilo si jambo dogo. Ni nani kati yetu asiyewahi kukaa mezani saa nzima akiambiwa “chakula kinakuja,” na kumbe kuku angali anafukuzwa uani?

Lakini ahadi hizo nazo zina gharama yake. Kampuni ya Domino’s iliwaahidi Wamarekani kuwafikishia pizza nyumbani katika dakika 30. Madereva wakakimbizana na saa. Mwaka wa 1993, baada ya ajali na kesi mahakamani, kampuni iliiacha ahadi hiyo katika nchi ile. Tena majirani zetu wa Kenya waliona gharama ya ladha moja. Mwezi wa Januari 2022 maduka ya KFC huko yalikosa viazi vya kukaanga, kwa sababu viazi vyao vilitoka nchi za nje na meli zilichelewa. Wakenya wengi walikasirika, maana nchi yao yenyewe inalima viazi kwa wingi. Kampuni ilieleza kwamba viazi vyake ni lazima vitoke kwa watu waliokwisha kukaguliwa na kukubaliwa. Sababu hiyo yaeleweka. Hata hivyo mkulima aliyepita mbele ya duka lile na gunia lake, akasikia ndani kwamba viazi hakuna, alikuwa na haki ya kucheka.

Na bei ndogo je? Ahadi hiyo haikuvuka bahari. Huko Marekani chakula hiki kilikuwa cha mfanya kazi na watoto wake. Katika miji ya Afrika hata mwenye mshahara mara nyingi hukila siku ya sherehe tu. Kijana wetu aliacha kula mara mbili ili ale mara moja.

Picha

Basi tuje kwenye picha, maana hapa ndipo penye shauri kubwa.

Mwaka wa 2012 mwanamke mmoja wa Toronto aliiuliza kampuni ya McDonald’s ya Kanada: Kwa nini chakula chenu cha kwenye matangazo hakifanani na kile cha dukani? Kampuni haikukwepa swali. Mkuu wake wa matangazo alitoa filamu fupi na kuonyesha kazi yote wazi. Kwanza alinunua hambaga dukani kama mtu yeyote. Ilitengenezwa kwa muda wa dakika moja hivi. Kisha akaipeleka mahali pa kupigia picha, na huko hambaga ya pili ilitengenezwa kwa saa kadhaa. Fundi wa kupamba chakula alivipanga vipande kimoja kimoja. Vitunguu na matango ya siki alivisogeza mbele, ukingoni, panapotazamwa na kamera. Sosi aliitia kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Mwishoni picha ilisahihishwa kwa kompyuta. Kampuni ikaeleza kwamba vitu vyote ni vile vile vya dukani, na ya kuwa mvuke ulio ndani ya sanduku huufanya mkate usinyae.

Sisi twausifu uwazi ule, kwa maana si kampuni nyingi zingethubutu. Lakini maelezo hayaondoi kosa. Katika hambaga ya dukani vitunguu vimefichwa chini ya kifuniko cha mkate. Katika picha vyote vimekuja mbele. Anayetazama anaona mbele pamejaa, anasadiki ya kuwa na nyuma pamejaa vilevile. Hakuna aliyemwambia hivyo kwa maneno. Ameambiwa na macho yake mwenyewe.

Tutoe mfano wa kwetu. Kijana anaposa, na wazee wa binti wanakuja kutazama mali yake. Anawapeleka katika shamba la kaka yake, anatembea nao kati ya mihogo, anasema, “Mihogo ya mwaka huu ni mizuri.” Je, amesema uwongo? Shamba lipo, mihogo ipo, nayo ni mizuri kweli. Lakini wazee wanarudi nyumbani wakisadiki jambo lisilokuwapo, na yeye ndiye aliyetaka walisadiki. Ndivyo ilivyo picha ya hambaga. Kila kipande ni cha kweli, na mpango wake wapotosha.

Ujanja huu si mpya. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Campbell ya Marekani, inayouza supu ya kopo, iliweka gololi za kioo chini ya bakuli ilipopiga picha za matangazo. Mboga zikainuka juu, supu ikaonekana imejaa mboga tele. Idara ya serikali inayosimamia uaminifu wa biashara iliingia kati, na mwaka wa 1970 kampuni ikakubali kuacha jambo lile. Ilikuwa imejitetea kwamba bila gololi mboga huzama, na mtazamaji asingeziona kabisa. Utetezi huo una maana yake. Lakini mtu anayekula supu hakupewa gololi. Kwake mboga zilibaki chini.

Kipimo

Wengine wamepeleka jambo hili mahakamani, na ni vema tujue mahakimu walisema nini. Mwaka wa 2022 wateja fulani waliishitaki Burger King katika Florida. Walidai kwamba hambaga yake iitwayo Whopper huonyeshwa katika matangazo kuwa kubwa kwa asilimia 35 kuliko ile ya dukani, na nyama yake zaidi ya maradufu. Kampuni ilijibu kwamba hailazimiki kumpa mtu kitu kinachofanana na picha hasa. Mwaka wa 2023 hakimu alikataa kuifuta kesi yote, akaacha sehemu yake iendelee. Mwaka ule ule hakimu mwingine, huko New York, aliifuta kesi ya namna hiyo juu ya McDonald’s na Wendy’s. Hakuona uthibitisho kwamba wateja walipewa pungufu ya walichoahidiwa, akasema kwamba kuonyesha chakula kwa picha za kupendeza ni desturi ya makampuni mengi.

Basi sheria yenyewe inasitasita. Nasi twakumbusha pia kwamba si kila kelele ni ushahidi. Mwaka wa 2013 kijana wa Australia alinunua mkate mrefu wa Subway, ambao kwa jina lake unaahidi futi moja, yaani sentimita 30 na kidogo. Akaweka rula juu yake, akapiga picha: ulipungua inchi moja. Habari ikavuma duniani, kesi zikafunguliwa Marekani. Lakini uchunguzi ulipofanywa, mikate mingi ilionekana kuwa na urefu wake. Hata ile mifupi ilitoka katika donge la uzito ule ule. Tofauti ililetwa na kuumuka na kuokwa. Mwaka wa 2017 mahakama ya rufani iliyatupa mapatano ya kesi hiyo, kwa sababu mawakili walikuwa wapate fedha na wateja wasipate kitu. Yafaa kupima, na yafaa pia kukubali matokeo ya kipimo yanapotukatalia.

Ladha

Maneno ya sifa ni magumu zaidi kuliko picha, maana ladha haina rula. Kampuni ya Papa John’s ilijisifu kwa maneno machache kwamba vitu inavyotumia ni bora na pizza yake ni bora. Pizza Hut ikaishitaki. Mwaka wa 2000 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua kwamba maneno hayo peke yake ni majivuno tu, ambayo mtu mwenye akili hayategemei kama habari ya hakika. Fikirini jambo hilo, wasomaji. Tangazo likishitakiwa, utetezi wake ni kwamba halikutazamiwa kusadikiwa! Kama ni hivyo, mbona lililipiwa fedha nyingi?

Shahidi mkubwa wa ladha twampata katika habari ya Harland Sanders, mzee yule mwenye ndevu nyeupe ambaye sura yake ipo katika kila duka la KFC. Alianza kuuza kuku wake huko Corbin, Kentucky, na mwaka wa 1952 akampa mtu wa kwanza ruhusa ya kuuza kuku kwa mapishi yake. Mwaka wa 1964 aliiuza kampuni kwa dola milioni mbili, lakini akabaki kuwa uso wake. Alikuwa akitembelea maduka na kuonja. Basi katika miaka ya 1970 alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba mchuzi wanaoupika sasa ni mbaya sana, akaufananisha na gundi ya kubandikia karatasi ukutani. Duka moja la jina lile katika mji wa Bowling Green lilimshitaki kwa kulichafulia jina. Mwaka wa 1978 mahakama kuu ya Kentucky ilimpa mzee haki yake.

Hapa twaona jambo la ajabu. Picha ya mzee ilikuwa ukutani ikitabasamu, inasema: onjeni. Mzee mwenyewe alikuwa amesimama chini yake, anasema: mimi nimeonja, na si kizuri. Tungemsadiki yupi, picha au mwenye picha?

Waliokiri

Haingekuwa haki tuishie hapo. Ile kampuni ya Domino’s tuliyoitaja, mwishoni mwa mwaka wa 2009 ilifanya jambo lisilo la kawaida. Ilionyesha katika matangazo yake yenyewe wateja wakisema kwamba mkate wa pizza yake una ladha ya katoni. Haikuwakanusha. Ilikubali, ikabadili mapishi, ikawaomba watu waonje upya. Mwaka wa 2010 iliahidi pia kuonyesha pizza kama ilivyo, bila kuzipamba picha. Wafanya biashara wengi wangesema: hao wamejiua. Kumbe mauzo yalipanda sana mwaka ule.

Hatusemi kwamba kampuni ile imekuwa takatifu. Ilitafuta fedha kama nyingine. Lakini jambo hilo lavunja udhuru wa wale wote wanaosema kwamba bila kupamba mtu hauzi. Mteja akiambiwa ukweli hakimbii. Mara nyingi hukaa, kwa sababu ameheshimiwa.

Na sisi je?

Sasa msomaji mmoja atatuambia: “Mambo haya ni ya Wazungu. Mama anayekaanga sambaza kando ya ziwa huko Bukavu hana ubao wala kamera.” Ni kweli. Tangazo lake ni harufu ya mafuta, na samaki anaowaonyesha ndio anaowafunga katika karatasi. Methali yasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini tusijisifu upesi. Ni nani huko sokoni anayepanga nyanya nzuri juu na zilizolegea chini? Ni nani anayebonyeza kitako cha kopo ili unga upungue? Ni nani anayelowesha mboga za jana kwa maji ili zionekane zimechumwa asubuhi? Matone yale ya maji juu ya majani ya picha ya Kampala tunayajua tangu zamani.

Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Sokoni nyanya naigeuza kabla ya kulipa. Kopo nalitazama kitako. Nikipunjwa, kesho namkuta mama yule yule mahali pale pale, namwambia mbele ya wenzake, naye ananiongezea matabishi ili tupatane. Wauzaji wa sokoni wana hila zao, lakini wana uso pia, na uso huona haya. Picha ya ubaoni haina pa kuambiwa. Unalipa kwanza, unaona baadaye, na msichana anayekupa sanduku hakuipiga ile picha wala hana ruhusa ya kuongeza jani la pili. Ukimgombeza, unamwonea.

Jibu letu

Twakata shauri hivi. Katika haraka na ladha moja, chakula hiki hutimiza ahadi yake kwa kawaida, na anayetaka hayo asione haya kukinunua. Katika bei, chatimiza huko kilikozaliwa kuliko huku kwetu. Katika picha hakitimizi, na wenye kazi wenyewe walituonyesha sababu: saa kadhaa za fundi haziwezi kuingia katika dakika moja ya jikoni. Katika maneno ya sifa, mahakama imekwisha kutuambia tusiyategemee.

Ubaya wa picha hizi twauona hasa kwa mtu aliyezizoea kidogo. Tajiri wa mjini, aliyekwisha kula hambaga mara mia, anaijua. Picha haimdanganyi tena, humkumbusha njaa tu. Anayedanganyika ni yule aliyekuja mara ya kwanza, na fedha zake zimehesabiwa. Tena huyo ndiye asiyethubutu kulalamika. Anaona tofauti kati ya ubao na sanduku, na kwa kuwa kila mtu kandokando yake anakula kimya, anadhani upungufu ni wake. Sisi twasema upungufu si wake hata kidogo. Macho yake yaliona vizuri. Picha ndiyo iliyopanga vitunguu vyote mbele.

Haya ndiyo tuliyomjibu kijana wetu, kwa maneno machache kuliko tulivyoandika hapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Alipouliza sasa afanye nini akirudi Kampala, hatukumkataza kuingia tena. Fedha ni zake. Tulitaka tu kumpa shauri fulani, lakini yeye alitutangulia.

“Basi, Mwalimu,” alisema akicheka, “safari nyingine sitatazama ubao. Nitatazama kwanza sanduku la aliye mbele yangu.”

Hatukuona la kuongeza.